Mandera: Kwa nini mama hufariki akiwa njiani

Makadirio yaliyotokana na sensa ya Kenya ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa katika Kaunti ya Mandera, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kina mama 3,795 walifariki kutokana na uzazi. Kiwango cha kitaifa, kwa utafiti wa mwaka 2014, kilikuwa 362. Makadirio ya kaunti moja moja yana udhaifu wake, hasa pale ambapo wengi hujifungulia nyumbani na kifo huenda kisiandikishwe popote. Lakini hata tukiigawa ile ya Mandera kwa mbili, bado ni takriban mara tano ya kiwango cha kitaifa.

Sababu za kitabibu ni zile zile za kila mahali: kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi na maambukizi. Kinachoitofautisha Mandera ni muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili tu. Elwak iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mji wa Mandera, tena barabara ni mbovu.

Muda huanza kupotea nyumbani. Katika familia za wafugaji, mara nyingi mume au mama mkwe ndiye anayeamua kama mgonjwa apelekwe hospitalini, na mume huenda yuko mbali na mifugo. Kisha itafutwe gari. Juni 2013, ada ya kujifungua katika vituo vya umma iliondolewa, lakini nauli ilibaki juu ya familia.

Usiku mambo ni mazito zaidi. Mashambulizi ya al-Shabaab yameifanya safari ya usiku kuwa hatari hata kwa ambulensi, na kafyu imewahi kutangazwa zaidi ya mara moja. Uchungu haujui kafyu. Baada ya mauaji ya abiria wa basi na wachimba mawe mwishoni mwa 2014, walimu na wahudumu wa afya kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka kwa wingi.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Wanawake wengi wa huku wamekeketwa na kushonwa, ingawa sheria ya mwaka 2011 inakataza. Kovu hilo halitanuki vizuri. Muuguzi asiyefundishwa kulifungua kwa wakati anaweza kumwacha mama na michubuko mikubwa na damu isiyokoma.

Na dawa ya kuzuia damu hiyo, oksitosini, hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika, na joto la nje likizidi nyuzi 30, chupa inaweza kuwepo kabatini huku dawa yenyewe imepoteza nguvu. Akiba ya damu nayo huhitaji jokofu, kwa hiyo zahanati ndogo haina ila kumwandikia mama rufaa, na safari inaanza upya.