Mirathi katika nchi ya majani chai: Neno la mzee hudumu miezi 3 tu

Katika vijiji vya Konoin, Bureti na Ainamoi, si ajabu kwa mzee anayehisi nguvu zikimwishia kuwaita wanawe pamoja na wazee wawili watatu wa ukoo, akawatembeza shambani na kuwaonyesha mipaka. Huyu ataishia kwenye mkaratusi, yule atachukua upande wa mtoni, na nyumba ibaki kwa mama yao. Chai ya maziwa hunywewa, maombi hufanywa, na kila mtu huenda zake akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Kisheria, aghalabu hayajakwisha. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, huutambua wasia wa mdomo wa raia wa kawaida kwa masharti mawili: uwe umetolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutoa awe amefariki katika muda wa miezi 3 tangu siku hiyo. Mzee akijaliwa kuishi miezi 4, sembuse miaka 8, maneno yake hupoteza nguvu ya wasia. Atakapofariki atahesabiwa kuwa amekufa bila kuusia, na mali yake itagawanywa kwa kanuni za sheria wala si kwa mipaka aliyoionyesha.

Kwa mkulima wa mahindi mzozo waweza kungojea msimu mwingine. Majani chai hayangoji. Michai huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, mwaka mzima, na majani hupelekwa kwenye kituo cha kununulia kwa nambari ya mkulima aliyesajiliwa na kiwanda. Mwana aliyebaki nyumbani akachuma wakati wa matanga huanza kuliona shamba kuwa lake. Aliyeko Nairobi huona ameibiwa. Na malipo ya mwisho wa mwaka, yale yaitwayo bonasi, yanapofika, hapo ndipo ndugu huacha kusalimiana.

Wasia wa maandishi huondoa sehemu kubwa ya balaa hili, nao si mgumu kuandika. Mtu yeyote aliyetimiza umri wa miaka 18 na mwenye akili timamu aweza kuuandika, hata bila wakili. Autie sahihi, au alama ya kidole iwapo hajui kuandika, na mashahidi wawili wamwone akifanya hivyo au awathibitishie kwamba sahihi ni yake, kisha nao watie sahihi zao mbele yake.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni la mashahidi. Mzee huwaita wanawe au wake zao watie sahihi kwa kuwa ndio walio karibu. Sheria husema kwamba anayeshuhudia wasia hupoteza alichoachiwa ndani yake, na vivyo hivyo mume au mke wake, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiohusika. Mkaza mwana aliyetia sahihi kwa nia njema aweza hivyo kumkosesha mumewe shamba. Jirani, mwalimu au mzee wa kanisa asiyerithi chochote ni shahidi bora zaidi.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba ndoa hufuta wasia. Aliyeandika wasia kisha akaoa mke mwingine anapaswa kuandika upya, ila tu kama wasia wa kwanza ulitaja kwamba uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo. Isitoshe, uhuru wa kuusia una mpaka wake: mke, mtoto au mtegemezi mwingine aliyeachwa mikono mitupu aweza kuiomba mahakama imtengee fungu la kutosha, mradi ombi liwasilishwe kabla ugavi wa mali haujathibitishwa.

Pasipokuwa na wasia, sheria ndiyo hugawa. Wilaya kadhaa za wafugaji, zikiwemo Narok na Kajiado, ziliondolewa katika kanuni za sheria hii kuhusu mashamba, mimea na mifugo ya waliokufa bila wasia. Kericho, ambayo zamani ilijumuisha Bomet, haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo shamba la majani chai la Mkipsigis hugawanywa kwa Sura ya 160.

Tofauti huonekana zaidi katika boma la wake wengi. Mila ya Kipsigis huhesabu nyumba: kila mke na wanawe ni nyumba moja, na mali ya baba hugawanywa kwa nyumba sawa kwa sawa. Sheria, katika kifungu cha 40, huhesabu vichwa: watoto wa kila nyumba pamoja na mama yao akiwa hai. Chukua mzee aliyeacha ekari 11 na wake wawili, wa kwanza akiwa na watoto 7 na wa pili watoto 2. Kwa mila, kila nyumba ingepata ekari 5 na nusu. Kwa sheria, nyumba ya kwanza ina vichwa 8 na ya pili vichwa 3. Hivyo ya kwanza huanzia ekari 8 na ya pili ekari 3. Anayependelea hesabu ya mila hazuiwi na mtu, ila ni lazima aiandike mwenyewe katika wasia.

Katika hesabu hiyo binti ni kichwa kama mwana wa kiume, awe ameolewa au hajaolewa. Suala hili lilifika Mahakama ya Rufaa mjini Eldoret katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliyoamuliwa mwaka wa 2005. Marehemu, Mkalenjin wa Uasin Gishu, aliacha wake wawili. Mmoja alikuwa na wana wa kiume na mabinti, mwenzake mabinti watupu. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana ardhi nyingi kuliko dada zao. Majaji wa rufaa, akiwemo Philip Waki, waliukataa ugavi huo na kusema kwamba uwezekano wa binti kuolewa si sababu ya kumpunguzia. Katiba ya 2010 iliongezea nguvu msimamo huo kwa kupinga ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Hata hivyo, bado zipo familia zinazofika mahakamani na orodha ya warithi yenye wana wa kiume pekee, kisha zikashangaa kesi inapokwama.

Ndoa ya mwanamke kuoa mwanamke ili nyumba isiyo na mwana isizimike, inayojulikana sana miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi, nayo haipuuzwi. Mnamo 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa kwa mila hiyo ya Kinandi kuwa mrithi wa aliyemwoa. Lakini ithibati ya ndoa ya kimila ni mashahidi, nao huzeeka. Aliye katika ndoa ya namna hii ana sababu kubwa zaidi ya kuandika.

Mali ya mkulima wa chai, hata hivyo, haimo yote katika hatimiliki. Hisa za kampuni ya kiwanda, kiwe Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek, ni mali ya marehemu na huhitaji stakabadhi za mahakama kabla ya kuhamishwa. Akiba ya chama cha ushirika kama vile Imarisha au Ndege Chai huongozwa na fomu ya mteule ambayo mwanachama aliijaza, pengine akiwa kapera, akamtaja mama yake aliyekwisha kufariki. Malipo ya uzeeni ya mfanyakazi wa mashamba makubwa hayahesabiwi katika mirathi. Huelekezwa kwa waliotajwa katika fomu ya mpango husika. Fomu hizo zafaa kukaguliwa kila anapozaliwa mtoto au anapokufa mtu. Ardhi iliyosajiliwa kwa mume na mke kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwendea aliyebaki hai baada ya kuwasilisha cheti cha kifo.

Wapo wanaoona heri kugawa wangali hai. Njia hiyo ni halali, lakini yahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi na ya mke au mume, na alichopewa mwana mapema huhesabiwa katika fungu lake iwapo baba atakufa bila wasia. Mzee asiyejibakizia hata ekari moja ya michai huishia kuomba sukari kwa wanawe.

Mauti yanapotangulia, familia huchukua cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha huomba usimamizi wa mirathi. Hakimu mkuu aweza kusikiliza maombi ya mali isiyozidi Sh20 milioni. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, iliyoko Kericho na Bomet. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 hutolewa za pingamizi, na kwa kawaida ugavi huthibitishwa baada ya miezi 6. Anayeuza au kugawa kabla ya kupata idhini hufanya kosa la jinai, adhabu yake ikiwa faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ushuru wa mirathi haupo. Ulifutwa mwaka wa 1982.

Kizingiti hutokea pale hatimiliki inapokuwa bado na jina la babu aliyepanda michai hiyo miaka ya 1960. Wajukuu hawawezi kuanzia kwa baba. Hulazimika kwanza kufungua mirathi ya babu, wakiwahusisha ami na shangazi zao wote au watoto wao, kisha fungu la baba likishajulikana ndipo waanze mirathi ya baba yao.