Kinubi Kipya, Sauti ya Zamani

Mtu akiniambia anataka kujenga kibugandet "cha kisasa", huwa namuuliza: unarekebisha nini hasa? Kibugandet ni kinubi cha Wakipsigis: chombo cha mti kilichofunikwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu na nyuzi. Hapa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, rika langu linakijua zaidi kwa macho kuliko kwa vidole.

Swali hilo liliwahi kuwasumbua mafundi wa ala nyingine kabisa, hapsikodi ya Kifaransa. Kwa umbo inafanana na piano, ila ndani haina nyundo. Ukibonyeza kibao, kijiti kinapanda na unyoya mgumu uliochongwa unakwanyua uzi. Pascal Taskin alizijenga Paris katika karne ya 18. Kisha piano ikatawala, hapsikodi zikawekwa kando, na ufundi wake ukakatika.

Zilipoanza kutakiwa tena, waliozijenga walikuwa watu wa piano. Mwaka 1912 kampuni ya Pleyel ya Paris ilimtengenezea mpigaji Wanda Landowska hapsikodi kubwa na nzito, na baadaye za aina hiyo zikatiwa fremu ya chuma. Uimara zilikuwa nao, kweli. Lakini uzi unaokwanyuliwa hauna nguvu ya kutikisa mzigo wote huo, kwa hiyo mwili ulikuwa mkubwa na sauti haikulingana nao.

Mwaka 1949, Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana Boston. Walichofanya ni rahisi kueleza: walizichunguza zile za zamani, wakapima, wakafuata vipimo. Ubao wa sauti una unene wa milimita 3 hivi. Wembamba huo, ambao watu wa piano waliuona udhaifu, ndio ulioifanya ala iimbe. Hapsikodi ya Taskin ya 1769, ambayo sasa iko Edinburgh, ikawa miongoni mwa zilizonakiliwa sana duniani.

Sasa turudi huku kwenye majani chai. Taskin aliacha mbao za kupimwa. Sisi tuna nini? Tuna sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Chemirocha kule Kapkatet, wasichana wakiimba na kinubi kikipigwa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilifika huku, jina likageuzwa na ulimi wa Kikipsigis. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya ILAM na Ketebul Music waliirudisha rekodi hiyo nyumbani.

Lakini rekodi haikuonyeshi unene wa ngozi, wala jinsi ilivyokazwa, wala mti ulichongwa hadi wapi. Hayo yamo mikononi mwa wazee, na mikono ya wazee haiwekwi makumbusho.

Sipingi plaiwudi, nyuzi za gitaa wala spika. Weka ukitaka, ila ujue kwanza unaacha nini. Beba tepu ya kupimia na simu yenye chaji, umtafute mzee mwenye kibugandet, useme chamgei, kisha umwombe akuonyeshe anavyokaza ngozi. Andika kila kipimo, hata kile kinachoonekana kibaya. Kazi hiyo inaweza kuisha kwa alasiri moja. Toka Pleyel ile ya 1912 hadi karakana ya Boston ilipita miaka 37, na mafundi hao walikuwa na ala za zamani za kurudia. Wazee wetu hawatatungoja muda huo.