Mpiga Kinanda: Akae au Asimame?

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Nalo ni hili: mpiga kinanda, anapopiga mbele ya watu, je, yafaa akae au asimame? Huenda mtu akacheka na kusema, "Mradi sauti itoke, miguu yake yatuhusu nini?" Lakini nawaomba mnivumilie kidogo. Sisi watu wa Unguja tumekuwa na desturi katika jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na desturi hiyo ina maana yake. Anayeiacha pasipo kujua maana yake huenda akapoteza kitu ambacho hakukusudia kukipoteza.

Kwanza na tufahamiane juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani kinanda kilikuwa jina la chombo cha nyuzi. Leo mtu akisema kinanda, wengi hufikiri chombo chenye vibao vyeupe na vyeusi vinavyobonyezwa kwa vidole. Hicho ndicho nitakachokizungumzia. Lakini hatuwezi kukifahamu ila kwa kutazama kwanza vyombo vilivyokitangulia katika taarabu yetu.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alipendezwa sana na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga kanuni. Kanuni ni chombo kipana chenye nyuzi zaidi ya 70, nacho huwekwa juu ya mapaja au juu ya meza ndogo, na mpigaji huzigusa nyuzi kwa mikono yote miwili. Basi tazameni: mtu hawezi kuipakata kanuni naye amesimama. Udi nao hupakatwa. Fidla yaweza kupigwa kwa kusimama, lakini katika kundi ambalo wenziwe wote wameketi, mpiga fidla naye huketi. Hivyo chombo chenyewe ndicho kilichokuwa hakimu wa kwanza. Kilimwambia mpigaji, "Keti," naye akaketi.

Hakimu wa pili alikuwa adabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wenye nyoyo safi, nacho ndicho chama cha taarabu kilicho maarufu kwa ukongwe wake Unguja. Hawa walikuwa watu wa baraza. Nanyi mnajua baraza ni nini katika Mji Mkongwe: ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba, na mtu akipita huambiwa, "Karibu, keti." Mazungumzo ya watu wazima huwa kwa kukaa. Anayesimama katikati ya baraza ana jambo: ama anaaga, ama ana habari ya haraka, ama anagombana. Taarabu ilizaliwa katika desturi hiyo, wala si ajabu kwamba wapigaji wake waliketi kama watu wanaozungumza kwa upole. Tena waliketi karibu karibu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na kumtazama usoni.

Lakini zingatieni jambo hili, ambalo nadhani ndilo kiini cha maneno yangu. Katika taarabu hawakukosekana watu wa kusimama. Wapigaji walipoketi, msikilizaji ndiye aliyesimama. Ubeti ukimgusa mtu moyoni, huinuka kitini pake, akaenda mbele polepole kwa madaha, fedha mkononi, akamtunza mwimbaji. Watu wote huona nani ameinuka, na ameinuka kwa ubeti gani. Mwenye mapenzi huinuka, na mwenye uchungu huinuka. Na mwenye kijembe cha kumpelekea jirani yake huinuka kwa ubeti ule ule anaotaka jirani ausikie. Basi kusimama katika taarabu ni kusema. Na wapigaji kwa kuketi kwao walikuwa wakimwachia mwimbaji na msikilizaji nafasi ya kusema.

Desturi hii, hata hivyo, haikukaa mahali pamoja kama jiwe. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba takriban mwaka 1880 katika jamaa ya watu maskini wenye kazi ya ufinyanzi, aliitoa taarabu katika majumba ya wakubwa akaipeleka kwa watu wote kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hata Bombay kutiwa sauti zao katika sahani za santuri. Katika santuri msikilizaji haoni mtu aliyekaa wala aliyesimama. Husikia tu. Na sahani zile ziliuzwa na kupendwa pwani nzima. Hilo latuonyesha kwamba wimbo mwema hauhitaji miguu ya kuutembeza. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Baadaye likaja kundi kubwa la vyombo kwa mfano wa Misri, lenye safu za fidla, na udi, na kanuni, na nai, na ngoma. Wazee wa Unguja walizoea kuisikiliza redio ya Cairo na sauti ya Umm Kulthum, yule mwimbaji mkuu wa Waarabu aliyefariki mwaka 1975. Naye alikuwa na tabia ambayo yafaa tuitazame. Vyombo vilipoanza peke yake, aliketi katika kiti mbele ya wapigaji wake, akasikiliza kama wengine. Zamu yake ya kuimba ilipofika, ndipo alipoinuka. Basi katika wimbo mmoja tu mna kukaa na kusimama, na kila kimoja kwa wakati wake. Kwetu pia, kipaza sauti kilipoenea, mwimbaji alikuja kusimama mbele, na safu za wapigaji zikabaki zimeketi nyuma yake. Hivyo ndivyo walivyojulikana Ikhwani Safaa, na vivyo hivyo Culture Musical Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1958.

Na kinanda cha vibao kiliingiaje? Kiliingia kwa mlango wa unyenyekevu. Mombasa na pwani ya kaskazini palipigwa kinanda cha Kihindi chenye mvukuto. Mpigaji hukaa chini juu ya mkeka, mkono mmoja ukibonyeza vibao na wa pili ukivuta upepo, na mtu huyo hana la kufanya ila kukaa. Unguja ikapendwa sana akodiani. Chombo hiki hutundikwa mabegani kwa mikanda, na katika nchi nyingine wapigaji wake husimama, hata hutembea nacho barabarani. Lakini kilipoingia katika safu za taarabu kilifuata adabu ya nyumba kilimoingia. Kiliwekwa juu ya paja, mpigaji akaketi. Kwa hiyo akodiani yatufundisha kwamba si chombo peke yake kinachoamua. Chombo kile kile husimama huku na huketi kule, kwa kufuata shughuli yenyewe.

Msidhani kwamba Waunguja hawakujua muziki wa kusimama. Walikuwako wapiga beni, ambao jina lao limetokana na neno la Kiingereza la bendi, na ambao waliiga matarumbeta na ngoma za askari. Beni hupita njiani, na wapigaji wake husimama na kutembea, kwa kuwa kazi yao ni kuwaongoza watu wanaokwenda. Hapana mtu aliyewaambia, "Ketini kama watu wa taarabu," wala hapana aliyewaambia watu wa taarabu, "Simameni kama beni." Kila chombo kwa wimbile.

Wala swali hili si la kwetu tu. Mchoraji wa Uholanzi Johannes Vermeer, aliyekufa mwaka 1675, alichora picha mbili za bibi mbele ya kinanda. Katika moja bibi amesimama, na katika ya pili ameketi, nazo zote mbili zimewekwa katika nyumba ya picha ya taifa mjini London. Yaonekana kwamba mchoraji hakuona lililo kosa. Baadaye katika piano kukaa kukawa desturi, na katika makanisa mpigaji wa kinanda kikubwa hana budi kukaa, maana miguu yake nayo inapiga. Hata mwaka 1957 Mmarekani Jerry Lee Lewis alikipiga kiti chake teke mbele ya watazamaji wa televisheni, akaendelea kupiga piano amesimama, na vijana wakashangilia.

Lakini mfano ulio bora nadhani ni wa mtoto wa Unguja mwenyewe. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa katika Mji Mkongwe mtoto wa jamaa ya Waparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Alipelekwa shule Panchgani katika Bara Hindi, na huko akajifunza piano. Mwaka 1964 jamaa yake walihamia Uingereza, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 72,000, aliingia jukwaani akaenda kuketi mbele ya piano. Alianza kwa wimbo wake wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, vidole juu ya vibao, na uwanja mzima ukasikiliza. Kisha akaondoka pale, akashika kigongo cha kipaza sauti, akasimama mbele ya umati, na watu maelfu kwa maelfu wakapiga makofi kwa pamoja, mikono juu ya vichwa vyao.

Wengi huyakumbuka yale makofi. Mimi nataka mkumbuke mambo mawili mengine. La kwanza, alianza kwa kukaa, kwa sababu wimbo wa kwanza ulihitaji vidole vyake. Alisimama pale kazi yake ilipogeuka kutoka kupiga hata kuongoza watu. La pili, Mercury alipoiacha piano, vinanda havikubaki bila mtu. Mpigaji mwingine, Spike Edney, alikuwapo jukwaani pamoja nao, naye aliendelea na kazi ya vibao. Mmoja aliweza kusimama na kung'aa kwa sababu mwingine alibaki kazini.

Sasa turudi nyumbani. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, ambayo watu waliipa jina la rusha roho, imeenea kwa nguvu, na kundi la East African Melody lilikuwa mbele katika jambo hilo. Humo kinanda cha umeme kimechukua mahali pa vyombo vingi. Kinanda kimoja chaweza kutoa sauti ya fidla, na nai, na kanuni, na hata ngoma. Kinasimama juu ya miguu yake cha chuma, na miguu hiyo yaweza kupandishwa au kushushwa, hivyo hakimu wa kwanza, yaani chombo, amejiuzulu. Hasemi keti wala hasemi simama. Na wasikilizaji hawangoji ubeti uwaguse ndipo wainuke. Wengi huinuka tangu mwanzo na kucheza. Hakimu wa pili naye amenyamaza. Ndiyo maana vijana wanauliza swali hili ambalo babu zao hawakuwa na haja ya kuliuliza.

Jibu langu ni hili. Ikiwa ni taarabu ya kusikiliza, penye mwimbaji wa mashairi na watu wenye kutunza kwa ubeti, mpiga kinanda na akae, amwachie mwenye maneno kusimama. Kukaa huko si unyonge, ni heshima. Na ikiwa ni shughuli ya kucheza, naye peke yake ndiye mwenye kushika fidla na ngoma na kuwaashiria waimbaji, basi asimame, maana anafanya kazi ya beni, kazi ya kuongoza. Lakini asisimame kwa sababu tu amemwona mwingine amesimama.

Tena lipo neno zito kuliko miguu. Zamani kukaa katika safu kulikuwa kukaa na wenzio. Mpiga kanuni alimsikia mpiga nai, akampisha, naye akampishwa. Mtu mmoja mwenye vyombo vyote chini ya vidole vyake hana wa kumpisha. Akae au asimame, yu peke yake. Hilo ndilo linaloweza kutupotea. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi udi na kanuni na fidla, na kwa ajili hiyo viti vya safu havikubaki vitupu. Kijana mwenye kinanda cha umeme na avute kiti karibu na mmoja wa hao, hata kama ni mpiga fidla mmoja tu, wasikilizane. Hapo atajua mwenyewe, pasipo kuambiwa na mtu, ni wakati gani wa kukaa na ni wakati gani wa kuinuka.