Jeraha la Gitega: Pierre Nkurunziza, Kutoka Msituni Hadi Ikulu

Katika Dzaleka, wilayani Dowa hapa Malawi, mahali palipokuwa gereza la mahasimu wa Rais Hastings Banda kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, na kadhalika katika mitaa ya Mchesi mjini Lilongwe, hakuna jina la kiongozi linalogawanya nyoyo za Warundi kama jina la Pierre Nkurunziza. Kwa maana yuko amkumbukaye kwa sababu mwanawe aliingia darasani bila ya ada, na yuko amkumbukaye kwa usiku aliofunga mizigo akakimbia, na aghalabu wawili hao ni mtu mmoja.

Alizaliwa mwaka 1964, mwana wa Eustache Ngabisha, mbunge aliyeuawa katika mauaji ya Wahutu ya 1972, mtoto akiwa na umri wa miaka saba tu. Juu ya msiba huo hakuchagua silaha. Alisomea elimu ya michezo, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Burundi, na mapenzi yake ya kandanda hayakumtoka mpaka mauti yalipomfika. Lakini Oktoba 1993 Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa na umma wa Burundi, aliuawa na askari, na vita vikawaka. Na mwaka 1995 wanafunzi Wahutu waliposhambuliwa na kuuawa chuoni, gari la mwalimu huyo nalo, kwa riwaya yake mwenyewe, lilipigwa risasi na kutiwa moto, akaponea chupuchupu, ndipo akaingia msituni pamoja na wapiganaji wa kundi la waasi la FDD.

Mwaka 1998 mahakama ilimhukumu kifo bila ya yeye kuwapo. Mwaka 2001, karibu na Gitega, alijeruhiwa vibaya vitani hata akakurubia kufa, na kunusurika huko, kwa mtu wa imani kubwa kama yeye, kukawa ni ithibati ya kwamba Mwenyezi Mungu amemhifadhi kwa kazi maalumu. Hapa ndipo, kwa rai yangu, ulipo ufunguo wa maisha yake yote yaliyofuata.

Mwaka ule ule alishika uongozi wa CNDD-FDD. Mapatano na serikali yalipotiwa saini mwaka 2003 alitoka msituni akawa waziri wa utawala bora. Chama chake kikaandikishwa mapema mwaka 2005, na Agosti 26 mwaka huo, baada ya kuchaguliwa na Bunge, akala kiapo cha urais. Siku hizo zastahili kutajwa kwa insafu. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na ya kina mama wanaojifungua yakawa bure, fadhila ambayo mafukara wa milimani hawakuwa wameionja. Yeye mwenyewe alikuwa akishika jembe pamoja na raia wake na kucheza mpira katika timu yake ya Haleluya.

Lakini Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulikuwa umeweka wazi kwamba rais asizidishe vipindi viwili. Aprili 2015 chama kilimteua kwa cha tatu, kwa hoja kwamba cha kwanza alipewa na Bunge wala si na wapiga kura, na Mahakama ya Katiba ikaikubali hoja hiyo, ilhali makamu wa rais wa Mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikuwa amekwisha kukimbilia Rwanda. Bujumbura ilijaa maandamano na risasi. Mei 13, Rais akiwa Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza mapinduzi yasiyodumu. Na watu wapatao laki nne wakaihama nchi, baadhi yao wakafika mpaka hapa Malawi. Jeraha humstahilisha mtu heshima na kusikilizwa, bali halifuti ahadi iliyoandikwa kwa damu ya wengine, na majeruhi wa vita vile, wa pande zote, walikuwa maelfu.

Nkurunziza alifariki Juni 8, 2020, kwa maradhi ya moyo kama ilivyotangaza serikali, kipindi chake kikielekea ukingoni. Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa kushika urais siku kumi baadaye, alikuwa mwanafunzi wa sheria katika chuo kile kile, naye pia aliyakimbia mauaji ya 1995 akaenda kujiunga na FDD.