Spea za elektroniki nyumbani: jinsi ya kuzikinga na umeme tuli

Kila kiangazi simu za aina hii huongezeka studioni kwetu. Msikilizaji amenunua mosifeti mbili za inveta mjini, moja imefungwa, ya pili ameitia kwenye droo iwe akiba. Miezi miwili baadaye inveta inaungua tena. Anaitoa ile ya akiba, fundi anailehemu, kimya. Fundi anasema duka linauza feki. Mwenye duka anasema fundi hajui kazi. Mwenye inveta amepoteza nauli na bado yuko gizani.

Feki zipo, hatukatai. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wote watatu huwa hawaitaji: spea ilifia kwenye droo, au ilifia mkononi ilipokuwa ikitolewa. Iliuawa na umeme tuli.

Sisi wenyewe yalitupata. Tulikuwa na transista ya akiba ya transmita, tumeiviringisha kwenye kipande cha sponji ya godoro na kuitia kwenye mfuko wa nailoni. Siku ilipohitajika ilikuwa imekufa, nanyi mkakaa siku mbili bila matangazo tukisubiri nyingine ije na basi. Fundi alipoona tulivyoitunza, hakuhangaika kutafuta sababu nyingine.

Umeme tuli unaufahamu hata kama hujawahi kusikia jina lake. Usiku wa mwezi wa saba, ukivua sweta gizani, unasikia mlio wa tata-tata na kuona vicheche. Kitana kikipita kwenye nywele kavu, baadaye huvuta vipande vya karatasi. Vitu viwili vinaposuguana kisha vikaachana, kimoja hubaki na chaji ya umeme isiyo na pa kwenda. Hewa ikiwa na unyevu, chaji hiyo huvuja taratibu. Hewa ikikauka, kama inavyokauka huku Kanda ya Kati mvua zikishakatika, hubaki mwilini mwako mpaka uguse kitu.

Mwili wa binadamu huanza kuhisi mshtuko huo chaji inapofika takriban volti 3,000. Chini ya hapo huhisi chochote. Sasa linganisha na mosifeti za IRF3205 na IRFZ44N, ambazo mafundi wa inveta na sola wanazijua vizuri. Mguu wake wa geti umetengenezwa kuvumilia volti 20 tu. Ndani yake mna utando wa kuzuia umeme ulio mwembamba kuliko unywele mara mamia, na cheche ndogo inautoboa. Huoni moshi wala husikii harufu. Wakati mwingine haifi kabisa, inajeruhiwa tu: inafanya kazi wiki tatu halafu inazima, na hapo ndipo lawama zinapoanza.

Si kila spea ni dhaifu hivyo. Rezista za kawaida, fyuzi, swichi, transfoma na kapasita kubwa za mkebe, hizo tia popote pakavu. Za kuogopa ni mosifeti, chipu za aina zote, kadi za memori, bodi za simu na za kompyuta, na bodi za kontrola za sola.

Adui wa kwanza nyumbani ni nailoni. Mfuko laini wa plastiki, selotepu, na lile pande jeupe jepesi linalokuja ndani ya boksi la televisheni na kumomonyoka kuwa punje, vyote hutengeneza chaji kwa kusuguliwa tu. Kuchomeka miguu ya chipu kwenye pande hilo jeupe ni kosa tunaloliona kwa mafundi wengi, hata wazoefu. Selotepu nayo usiibandike kwenye spea, kwa sababu kuibandua tu kunatosha kuzalisha chaji. Andika jina kwenye karatasi na uiweke pembeni.

Mfuko unaofaa ni ule wa rangi ya fedha, wa kiza kidogo, ambao diski na kadi za kompyuta huja nazo. Una tabaka jembamba la chuma, hivyo chaji ya nje hupita juu yake bila kuingia ndani. Upo pia wa waridi. Huo wenyewe hauzalishi chaji, lakini hauzuii cheche ya nje, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Mafundi wa kompyuta mjini mara nyingi huitupa mifuko hii, waombe. Ukiwa umetoboka au umekunjwa mpaka umechanika, acha.

Ukikosa mfuko, tumia foili ya aluminiamu ya jikoni. Izungushie spea ili miguu yote iguse foili kwa pamoja. Hapo miguu yote ina chaji sawa na hakuna cheche ya kuruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ila bodi yenye betri, hata ile ndogo kama kifungo cha shati, usiifunge kwa foili: betri itapiga shoti na inaweza kuwaka.

Sponji nyeusi ya spea nayo ni nzuri, mradi iwe ile halisi. Ipime kwa mita upande wa omu: chomeka ncha mbili karibu karibu, mita ikionyesha namba, inapitisha umeme na inafaa. Isipoonyesha kitu, hiyo ni ya godoro. Ikizeeka na kuanza kuwa unga itupe, maana inakula miguu ya spea.

Baada ya hapo weka vyote kwenye kopo la bati la biskuti lenye mfuniko, ndani umetandika karatasi. Kopo huzuia pia panya, mende na vumbi. Liweke chini, mbali na joto la bati la paa. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya vitie humo kuzuia kutu, hasa wasikilizaji wetu mlio karibu na ziwa. Havizuii umeme tuli. Na kopo hilo lisirudi tena jikoni, kwa kuwa spea zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu hubaki na risasi ya kulehemu.

Kutoa ndipo wengi wanapoharibu. Vua sweta la sufi au shuka la nailoni kabla hujakaribia, si ukiwa mezani. Kaa peku kwenye sakafu ya udongo au saruji, gusa kopo kwa kiganja kabla ya kulifungua, kisha gusa mfuko kabla ya kutoa kilichomo. Shika chipu kwa mwili wake na bodi kwa kingo. Ukimpa mtu, mguseni mikono kwanza. Peku huku ni kwa kazi ya kutunza spea tu. Kifaa kilichounganishwa na umeme wa nyumba usikiguse peku, na usijifunge waya ukauingiza kwenye soketi eti ni ethi. Mkanda wa kifundo cha mkono wa mafundi una rezista ya megaomu 1 ndani yake kwa ajili ya usalama. Waya mtupu hauna.

Ukinunua mosifeti, mwombe mwenye duka aipime mbele yako kati ya geti na sosi. Mita ikilia, imekufa, usiichukue. Ukifika kwa fundi, ipimeni tena kabla ya kulehemu. Ikiwa ilikuwa kimya dukani na inalia mezani, msimpigie simu mwenye duka. Angalieni kwanza ilikuja imefungwa na nini.