Spika za ukutani: waya ziingie kabla ya lipu

Zile spika zilizofichwa ukutani, unazoziona kwenye video za nyumba za Marekani, zimetengenezwa kwa ukuta wenye uwazi ndani: fremu ya mbao na jipsamu pande mbili. Itetemia, Manispaa ya Tabora, mambo ni tofauti. Ukuta wa tofali umejaa, hauna uwazi.

Spika nyingi za aina hii zinataka kina cha sentimita 8 hadi 10. Ukuta wa sentimita 15 ukitobolewa hivyo, zinabaki 5 hadi 7 tu. Nguvu ya ukuta inapungua, na muziki wa sebuleni unahamia chumba cha watoto. Kwa tofali mbichi, usijaribu kabisa. (Tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, lina kuta nene za udongo, lakini hilo ni makumbusho.)

Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi aache shubaka la kutosha spika, na juu yake aweke linta. Baadaye ni kupachika tu.

Kuficha waya ndiko kunakoharibu kuta nyingi. Mfereji uchimbwe wima, kutoka darini kushuka moja kwa moja hadi kwenye spika. Usikate mshazari. Kina kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta. Kwa sentimita 15, mwisho ni sentimita 5. Ukilazimika kwenda mlalo, nusu ya hapo.

Nyumba ikiwa na umeme tayari, zima mein swichi kabla ya kushika tindo au grenda. Waya za zamani hazionekani, na wengine walizipitisha popote.

Waya za spika zipite kwenye paipu yake ya plastiki. Zisichanganywe na za umeme wa volti 230: ganda likichubuka, umeme unafika kwenye spika na mtu anayeigusa. Ziachane kama sentimita 30, la sivyo utasikia mvumo. Ziba midomo ya paipu, mchwa wasiingie.

Tumia shaba tupu. Kwa spika ya ohm 8, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 15. Zaidi ya hapo weka 2.5.

Kabla ya kupiga lipu, jaribu. Unganisha spika upande mmoja, upande wa pili gusisha betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, mara moja tu. Ikitoa mlio wa "tap", waya ni mzima. Chanya ikiwa kwenye chanya, ngozi ya spika husogea mbele. Ikirudi nyuma, umegeuza waya.

Nyumba ikishapigwa lipu na rangi, achana na ukuta. Kama dari ni la jipsamu, nunua spika za darini: uwazi upo, waya zinapita juu, na kazi ni tundu moja la duara. Kwa sabufa, iache sakafuni.