Uvimbe wa mafuta mgongoni, na mfupa mmoja zaidi

Nimepotea kidogo, si mnajua mambo ya semina. Jana usiku chumbani kulikuwa na ubishi mkali. Jamaa yangu mmoja anasema uvimbe kama si kansa basi hauna noma. Nikamwambia inategemea umekaa wapi. Akacheka. Haya, leo namjibu kwa historia maana ndiyo fani yangu.

Ndani ya pingili za mgongo kuna mfereji mwembamba, humo ndimo inapopita ile kamba kuu ya neva. Ukuta wake ni mfupa, hautanuki ng'o. Kikiota kitu humo, hata kidogo, kinachobanwa ni neva. Miguu inakufa ganzi, halafu inagoma kabisa.

Kuna uvimbe mmoja adimu unaitwa anjiolipoma, mchanganyiko wa mafuta na mishipa ya damu. Si saratani. Mjerumani Berenbruch aliuandika mara ya kwanza mwaka 1890, mgonjwa akiwa kijana wa miaka 16. Katika vivimbe vyote vya mgongoni ni kama asilimia 1 tu, au chini ya hapo. Hupenda kukaa usawa wa kifua, na huwapata zaidi wanawake.

Sasa jiulize, enzi hizo hata eksirei hakuna (ilikuja 1895), daktari anajuaje pa kukata?

Hapa ndipo naipenda stori ya London, mwaka 1887. Mgonjwa ni kapteni wa jeshi, miaka 42, maumivu ya mgongo yamemtesa miaka mitatu, miguu imeshapooza. Uvimbe wake haukuwa wa mafuta, lakini nao haukuwa saratani. Daktari William Gowers alimpima tu kwa kuuliza na kugusa: ganzi inaanzia wapi, maumivu yanazunguka wapi. Akasema kitu kiko hapa. Tarehe 9 Juni Victor Horsley akapasua. Akatoa mifupa, hola! Hakuna kitu. Jamani, hapo wengi tungefunga kidonda tukamwachia Mungu. Inaelezwa msaidizi wake, Charles Ballance, ndiye aliyemhimiza atoe mfupa mmoja zaidi kwa juu. Akatoa. Uvimbe huo hapo, saizi ya lozi.

Vitabu vinampa sifa zote Horsley. Mimi nampa nusu huyo msaidizi, bisheni!

Baadaye mambo yalirahisishwa. Mwaka 1921 Wafaransa Sicard na Forestier walianza kuingiza dawa ya mafuta mgongoni ili mfereji uonekane kwenye eksirei. Tangu miaka ya 1980 kuna MRI, ambayo kwenye picha zake nyingi mafuta hung'aa meupe, kwa hiyo anjiolipoma huonekana kabla kisu hakijagusa ngozi. Wengi wakiwahi kupasuliwa hutembea tena.

Na yule kapteni? Mwaka uliofuata alikuwa kazini saa 16 kwa siku, muda mwingi amesimama au anatembea.